Amplifaya za kunakili: ipi ya kuamini, ipi ya kupima kwanza, ipi ya kuacha

Bodi inayouzwa kwa jina la amplifaya maarufu imebeba kitu kimoja kutoka kwa ile ya asili, nacho ni mchoro wa saketi. Mara nyingi hata huo mchoro umeshaguswaguswa. Sehemu kubwa ya ubora wa amplifaya haionekani kwenye mchoro: kama transista ni za kweli au za kughushi, njia za shaba zimepita wapi kwenye bodi, na joto linaondokaje. Ndiyo maana nakala mbili za mchoro uleule hutofautiana sana, moja ikapiga muziki miaka mingi na nyingine ikaunguza spika siku ya kwanza. Kadiri ubora wa amplifaya ya asili ulivyokuwa ndani ya mchoro wenyewe, ndivyo nakala yake inavyoaminika. Tathmini hii inazipitia nakala zinazouzwa sana kwa kipimo hicho.

LM3886: nakala salama kuliko zote

Sababu iko wazi. Mtengenezaji wa LM3886, chipu yenye amplifaya nzima ndani yake, zamani National Semiconductor na leo Texas Instruments, aliutoa mchoro mwenyewe ili watu wautumie. Hata Gaincard ya 47 Laboratory, iliyowatia watu hamasa ya kunakili amplifaya za chipu, ilijengwa juu ya ndugu yake LM3875 kwa saketi isiyokwenda mbali na waraka wa mtengenezaji. Mwenye kunakili kitu kama hicho hakosi siri yoyote.

Ikipewa ±28 V, LM3886 ya kweli hutoa wati 68 kwenye ohm 4 na wati 38 kwenye ohm 8. Bodi ikidai wati 150 kwa chipu moja, muuzaji hakuusoma waraka. Kikomo cha umeme wakati muziki unapiga ni 84 V kutoka ncha chanya hadi ncha hasi. Transfoma ya 25-0-25 huzaa karibu ±35 V baada ya rektifaya, na hiyo inafaa kwa spika za ohm 8. Kwa ohm 4 shuka hadi 20-0-20, la sivyo ulinzi wa ndani wa chipu utaanza kuikata sauti kwa mikwaruzo kila besi inapogonga.

Zinapoharibika, nakala hizi huharibika kwa njia zilezile. Ya kwanza ni ukuzaji mdogo mno. LM3886 hutulia ikiwa ukuzaji ni mara 10 au zaidi. Rezista ya mrejesho ya 20 kΩ dhidi ya 1 kΩ inakupa mara 21, na hapo uko salama. Mnakili akishusha chini ya 10 ili kupunguza mvumo, chipu huanza kutoa mawimbi yake yenyewe ya masafa ya juu, ambayo sikio halisikii lakini hitisinki, yaani chuma cha kuondolea joto, inapata moto bila muziki wowote. Ya pili ni kapasita za umeme kuwekwa mbali. Inatakiwa 100 nF karibu kabisa na miguu ya umeme, na elektroliti ya 100 µF au zaidi sentimita chache tu kutoka hapo. Ya tatu ni pini ya 8. Isipovutwa mkondo wa angalau 0.5 mA kuelekea umeme hasi, amplifaya inakaa kimya, na wengi huitupa chipu nzima wakidhani imekufa.

Angalia pia mgongo wa chipu. LM3886T ina mgongo wa chuma uliounganishwa ndani na umeme hasi, kwa hiyo lazima iwe na maika, yaani karatasi ya kuzuia umeme, na bushi ya skrubu. LM3886TF imefunikwa plastiki na haihitaji maika. Nakala nyingi huja na T na maelekezo ya TF, na fyuzi ndiyo inayoeleza tofauti.

TDA7294 na TDA7293

Hizi nazo ni za kuaminika, kwa sharti moja la kuangalia. Chipu mbili hizi zinafanana miguu isipokuwa kapasita ya bootstrap: kwenye TDA7294 hutoka pini ya 6 kwenda pini ya 14, na kwenye TDA7293 hutoka pini ya 6 kwenda pini ya 12. Bodi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya zote mbili na zina kipande cha waya cha kuchagua. Kikiwekwa vibaya, sauti hutoka lakini hukatika vichwa mapema kwa upande mmoja wa wimbi, na mtu husema chipu ni dhaifu. TDA7294 usiipe zaidi ya ±40 V ikiwa kazini. Anayeuza bodi ya TDA7294 kwa ±45 V anakuuzia moshi.

TPA3116D2: nzuri, ukishasahau maandishi ya boksi

Hesabu inatosha kupima dai la wati. Kwa umeme wa 24 V na spika ya ohm 8, amplifaya ya daraja, inayosukuma ncha zote mbili za spika, haiwezi kuvuka 24 × 24 ÷ 16, yaani wati 36, kabla ya hasara. Kwenye ohm 4 ni 72 kabla ya hasara, na waraka wenyewe unazungumzia wati 50 kwa kila chaneli kwa ohm 4 na 21 V. Maandishi ya "2×100 W" kwa 24 V hayana msingi wowote wa fizikia.

Ubora wa bodi hizi unaamuliwa na koili za kutokea. Mchoro wa kawaida una 10 µH na 0.68 µF, na koili lazima ivumilie mkondo wa kilele bila kujaa sumaku: kwa 24 V na ohm 4 kilele kinakaribia 6 A, kwa hiyo koili ya 3 A ni bure. Koili iliyojaa sumaku huleta mkwaruzo mkali kwenye besi na kuipasha moto chipu. Na usiunganishe waya hasi wa spika kwenye graundi. Ncha zote mbili za spika zina nusu ya umeme juu yake.

Quad 405: hapa mnakili anahitaji hesabu

Quad 405 ya mwaka 1975 ndiyo mfano bora wa kwa nini mchoro ulionakiliwa bila kueleweka huzaa kitu kingine kabisa. Ndani yake kuna amplifaya ndogo ya klasi A, yaani ambayo transista zake hupitisha mkondo muda wote, inayoongoza, na transista kubwa zinazosukuma mzigo bila bayasi yoyote, yaani bila mkondo wa kuziweka tayari wakati wa kimya. Kwa kawaida transista zisizo na bayasi huacha kasoro kila wimbi linapovuka sifuri. Quad waliifuta kasoro hiyo kwa daraja la vipuri vinne: rezista ya 500 Ω, kapasita ya 120 pF, rezista ya 47 Ω na koili ya 3 µH. Daraja linasawazika pale koili inapokuwa sawa na zao la vile vitatu vingine. Zidisha 47 kwa 500 kwa 120 pF, upate 2.82 µH. Karibu kabisa na 3.

Sasa chukua nakala ya kawaida. Kapasita ya 120 pF imewekwa ya seramiki ya bei ya chini yenye ustahimilivu wa asilimia 20, koili imezungushwa kwa makadirio, na hakuna aliyepima. Koili ikiwa 1.5 µH badala ya 3, daraja limepinda nusu kwa nusu, na kasoro ya kuvuka sifuri inarudi. Muziki bado utapiga. Kwa sauti ya juu hutasikia tofauti kubwa. Lakini kwa sauti ya chini, usiku, ukisikiliza mwimbaji na gitaa moja, kutakuwa na ukavu fulani kwenye herufi s na kwenye nyuzi. Huo si ubora wa Quad 405, hata kama kila transista ni sahihi.

Ukitaka nakala hii, nunua bodi tupu na vipuri ujiwekee. Kapasita iwe ya aina ya C0G, seramiki isiyobadilika uwezo, au mika ya asilimia 5 au bora zaidi. Koili ipimwe kwa mita ya LCR kabla ya kulehemu, na mzunguko uongezwe au upunguzwe hadi isome kati ya 2.8 na 3 µH. Usibadilishe op-amp (chipu ndogo ya kukuza mawimbi) ya kuingilia kwa ya kasi zaidi kwa sababu tu inasifiwa. Ya asili ilikuwa LM301A na toleo la 405-2 likatumia TL071. Op-amp ya kasi kubwa bila kapasita za umeme miguuni mwake huanza kutoa mawimbi yenyewe.

Naim NAP 250: jina kubwa, kitu tofauti

Nyingi ya bodi zinazoitwa NAP 250 si NAP 250. Amplifaya ya asili ina regulata, saketi ya kutuliza volti, kwa ajili ya umeme wa hatua ya nguvu, na hilo ni sehemu kubwa ya muundo wake. Bodi za kunakili hupokea umeme moja kwa moja kutoka kapasita za rektifaya, kwa hiyo zinafanana zaidi na ndugu zake wadogo. Kama muuzaji hakutaja regulata, jina limekopwa.

Hatari kubwa iko kwenye kutokea. Amplifaya nyingi zina koili ndogo kati ya transista na spika ili kutenga waya. Naim haikuweka, ilitegemea waya wake wa spika, na ikashauri usipungue mita 3.5. Mnunuzi wa nakala anafunga waya wa sifa wenye uwezo mkubwa wa kapasita, mita mbili tu, na amplifaya inageuka mtambo wa kutoa mawimbi ya redio. Dalili ya kwanza ni rezista ya ohm 10 iliyo mfululizo na kapasita ya 100 nF kwenye kutokea: inakuwa nyeusi. Tiba ni koili ya 1 hadi 2 µH sambamba na rezista ya ohm 10 ya wati 2. Haitakuwa Naim halisi tena, lakini itaishi.

Klasi A: KSA-50 na JLH ya 1969

Mchoro wa John Linsley Hood ulichapishwa katika jarida la Wireless World mwaka 1969, na ni mchoro wa kunakiliwa tangu siku ya kwanza. Kwa spika ya ohm 8 unataka 27 V na mkondo wa 1.2 A, yaani joto la wati 32 kwa chaneli muda wote. Nakala zake ni nzuri ikiwa hitisinki ni kubwa. Angalizo moja: 2N3055 za leo zina kasi kuliko za zamani, na bodi yenye njia ndefu inaweza kutoa mawimbi yenyewe. Osiloskopu ndiyo itakayokuambia.

Nakala za Krell KSA-50 zinahitaji hesabu kabla ya kununua. Wati 50 za klasi A kwenye ohm 8 zina mkondo wa kilele wa 3.54 A, hivyo bayasi isipungue 1.77 A. Kwa ±36 V hiyo ni wati 127 za joto kwa chaneli, hata kukiwa kimya. Ili joto lisipande zaidi ya nyuzi 30 juu ya hewa ya chumba, hitisinki ya kila chaneli iwe na 0.24 °C/W. Hiyo ni alumini nzito sana, au feni kama ilivyokuwa kwenye ile ya asili. Bodi za KSA-50 zinazokuja na hitisinki ya kiganja zimewekewa bayasi ya milliampia mia moja hivi. Hizo ni klasi AB ya kawaida, yenye mkondo mdogo tu wakati wa kimya, na jina la kuazima.

Transista za kughushi

Hapa ndipo nakala nyingi huanguka, na ndipo pa kutumia muda. Jozi ya 2SC5200 na 2SA1943 imeghushiwa kupita kiasi. Ya kweli inavumilia 230 V na 15 A. Ya kughushi ina kipande kidogo cha silikoni ndani ya kasha kubwa, na inakufa mara ya kwanza besi inapoombwa kwa nguvu. Kwa kuwa ilipimwa kwa sauti ndogo, muuzaji anasema ulizidisha wewe.

Kipimo kisichoharibu kitu ni kapasita kati ya kolekta na beizi, mguu wa emita ukiachwa wazi. Waraka wa Toshiba unataja 200 pF kwa 2SC5200 na 360 pF kwa 2SA1943, ikipimwa kwa 10 V. Mita ya kawaida hupima karibu na 0 V, ambapo namba huwa kubwa zaidi. Ukipata chini ya 200 pF kwa mita ya kawaida, kipande cha ndani ni kidogo na hiyo transista si yake. Kisha pima ukuzaji wa mkondo kwa mzigo wa kweli: kwa 1 A uwe kati ya 55 na 160, na kwa 7 A usipungue 35. Mita ndogo za vipuri hupima kwa milliampia chache, na hapo hata ya kughushi huonekana nzuri. Ukiwa na kumi za kundi moja, vunja moja kwa koleo. Kipande cha ndani kitajieleza.

Kwa amplifaya zinazotumia JFET, aina ya transista inayoongozwa kwa volti, hali ni ngumu zaidi. Msanifu wa amplifaya Nelson Pass amewaruhusu wapenzi kujijengea michoro yake mingi, na F5 ni mojawapo iliyo nzuri sana, lakini inataka 2SK170 na 2SJ74 ambazo Toshiba iliacha kuzitengeneza. "Mpya kiwandani" kwa namba hizo ni maneno ya kutiliwa shaka. Unganisha geti na sosi, weka 10 V kwenye dreini (hasi kwa 2SJ74), soma mkondo: daraja la GR ni 2.6 hadi 6.5 mA, BL ni 6 hadi 12, V ni 10 hadi 20. Nje ya hapo si yenyewe. LSK170 ya Linear Systems ni mbadala wa kweli wa 2SK170.

Kapasita kubwa nazo huvalishwa ngozi mpya. Inayosema 10,000 µF na ikapimwa 4,700 ni jambo la kawaida. Angalia pia volti: kapasita za 35 V kwenye bodi ya ±35 V hazina nafasi hata kidogo, na umeme wa ukutani ukipanda asilimia 10 zimeshavuka. Chagua 50 V. Kapasita ndogo ya kutuliza, ile ya 47 hadi 100 pF kwenye hatua ya kukuza volti, iwe C0G. Aina ya X7R hubadilisha uwezo wake kadiri volti inavyobadilika, na mabadiliko hayo ni upotoshaji wa sauti.

Namna ya kuipima nakala kabla ya kuipa spika

Weka balbu ya waya ya wati 60 mfululizo na umeme wa ukutani. Iwake kidogo wakati kapasita zinajaa, kisha ififie. Ikibaki kuwaka sana kwenye amplifaya ya klasi AB, zima. Kuna shoti au bayasi imezidi. Klasi A huiwasha balbu daima, kwa hiyo kwake anza na bayasi chini kabisa.

Funga ncha za kuingilia pamoja, pima volti ya umeme wa moja kwa moja (DC) kwenye kutokea. Chini ya 20 mV ni nzuri, hadi 50 inakubalika, zaidi ya 100 tafuta sababu kabla ya kuendelea, hasa transista mbili za kuingilia zisizolingana.

Bayasi pima kwa volti juu ya rezista za emita. Kwa rezista ya 0.22 Ω, lenga 15 hadi 25 mV kwa kila moja, ambayo ni 70 hadi 115 mA. Pima tena baada ya dakika 20 za moto. Ikiwa imepanda mara mbili na bado inapanda, tazama ilipo transista ya kudhibiti bayasi. Inatakiwa iguse hitisinki ileile ya transista za nguvu, au iwe juu ya mgongo wa mojawapo. Wanakili wengi huiacha imesimama peke yake katikati ya bodi ili ionekane nadhifu. Haihisi joto, haipunguzi bayasi, na transista hujiunguza zenyewe.

Kisha mzigo wa rezista ya ohm 8 ya wati 100, wimbi mraba la 10 kHz, osiloskopu. Kona zikiwa safi au zenye mruko mmoja mdogo, sawa. Ongeza 100 nF sambamba na mzigo. Mruko utaongezeka, lakini lazima ufe haraka; ukiendelea kutikisika hadi mwisho wa wimbi, bodi hiyo haitaivumilia waya ndefu ya spika.

Mwisho ni ulinzi. Transista ya nguvu inapokufa kwa kawaida hupiga shoti, na umeme wote wa upande mmoja huenda kwenye spika. Nakala nyingi hazina chochote cha kuzuia hilo. Bodi ndogo yenye uPC1237, chipu ya kulinda spika, na relei inatosha, lakini angalia relei yenyewe: nyingi zimeandikwa 30 V za umeme wa moja kwa moja, na kwa ±50 V cheche huendelea kuunguza kati ya vidole vilivyoachana na mkondo ukaendelea kupita. Unganisha amplifaya kwenye kidole kinachofungwa relei inapowashwa (NO), spika kwenye kidole cha katikati kinachotembea (COM), na kidole cha kupumzika (NC) kwenye graundi. Relei inapoachia, cheche inaangukia graundi na fyuzi inakatika kabla ya koili ya spika.